Mazabodi ya kuovakloki Ryzen 9 hapa Tanga: X670E au B650 inatosha?

Edita_Makorora

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnifungue macho kabla sijatuma hela Kariakoo.

Prosesa ninayo tayari, Ryzen 9 7900X. RAM zipo, DDR5-6000 CL30, vipande viwili vya GB 16. Pawasapulai ni ya wati 750 daraja la Gold, kipozeo ni cha hewa, minara miwili na feni mbili za milimita 120. Kadi ya grafiki ni RTX 4070. Kazi ni kuhariri video za harusi mchana na magemu usiku. Chumba hakina AC, na Februari saa nane mchana kipimajoto cha ukutani husoma 33.

Imebaki mazabodi. Muuzaji wa kwanza ana X670E kwa milioni 1.3, wa pili ana B650 kwa 650,000. Yule wa kwanza ananiambia B650 haifai kuovakloki (kupandisha kasi ya prosesa kupita ya kiwandani), eti fezi zake, yaani njia za umeme wa prosesa, zitachemka ziungue.

Je, hiyo tofauti ya bei inanunua kasi? Nikiishika bodi mkononi nitazame nini? Na ovakloki ya hizi Ryzen mpya inaanzia wapi, maana kila video ninayofungua inasema lake.

---

Fundi_Ngamiani

Mkuu, muuzaji wako anachanganya chipseti na mfumo wa umeme. Havihusiani.

Tuanze na chipseti (chipu inayosimamia bandari na sloti za bodi), tuimalize haraka. Kwenye soketi ya AM5, ambayo ndiyo ya prosesa yako, ovakloki ya prosesa imefungwa kwenye A620 na B840 tu. B650, B650E, B850, X670, X670E, X870 na X870E zote zinaruhusu. X670 ni chipu mbili zile zile za B650 zilizounganishwa kwa mnyororo, kwa hiyo unapata USB, SATA na sloti za M.2 nyingi zaidi. Kwenye B650E na X670E, herufi E maana yake sloti ya kadi ya grafiki ni PCIe 5.0. RTX 4070 yako ni PCIe 4.0, hiyo E itakaa bure. Hakuna hata kimoja hapo kinachopandisha kloki.

Kinachobeba ovakloki ni VRM, ule msafara wa mosifeti, koili na kapasita unaozunguka soketi. Pawasapulai inaleta volti 12, prosesa inataka kama volti 1.2, na VRM ndiyo inayobadilisha. AMD imeipa 7900X mipaka mitatu: PPT (nguvu yote) wati 230, TDC ampea 160 za kudumu, EDC ampea 225 za ghafla. Chukua hiyo 160 ugawe kwa idadi ya fezi za prosesa. Bodi yenye 14+2+1 ina fezi 14 za prosesa, kwa hiyo kila moja inabeba ampea 11 na kidogo. Bodi ya bei ya chini yenye fezi 6 inabeba karibu 27 kila moja. Joto la ukinzani hupanda kwa kipeo cha pili cha ampea, hivyo ukijumlisha fezi zote, ile ya 6 inatoa joto hilo karibu mara 2.3 ya ile ya 14, mosifeti zikiwa za aina moja. Hapo ndipo penye bodi ya kuogopa. Jina B650 lenyewe halina kosa.

Mfano ambao muuzaji hatakuambia: MSI MAG B650 Tomahawk na MAG X670E Tomahawk zote zina 14+2+1 na mosifeti za ampea 80. Umeme ule ule. Unalipia bandari na PCIe 5.0. ASUS TUF Gaming B650-Plus ina 12+2 za ampea 60, nayo kwa 7900X ni nyingi kupita haja: ampea 13 kwenye kitu kilichoandikwa 60. Wala usihangaike kulinganisha 60 na 80. Hiyo namba ni ya maabara, bodi haitaifikia nyumbani kwako.

Ukiishika mkononi, angalia haya:

Hitisinki ya VRM iwe chuma kweli, nzito, yenye mapezi, na iwe pande mbili za soketi, kushoto na juu. Ikamatwe kwa skrubu. Zile zinazobanwa kwa pini za plastiki zenye springi huachia kidogo zikipata joto na baridi mara kwa mara, na pedi ya joto chini yake haigusi vizuri. Jihadhari na bodi zenye kava kubwa la plastiki lenye taa, chini yake kipande chembamba cha alumini.

Kitufe cha BIOS Flashback nyuma. Kwetu huku hicho ni lazima. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, bodi isiyo nacho inakwenda kwa fundi mwenye programa. Yenye nacho unachomeka flashi ya FAT32 yenye faili lililopewa jina wanalotaka, unabonyeza, inajirudisha yenyewe hata bila prosesa.

Taa nne za uchunguzi, au bora zaidi kidirisha cha tarakimu mbili. Ukianza kuchezea RAM utaishukuru.

Kichwa cha umeme wa prosesa cha pini 8, kimoja kinatosha. Wati 230 pamoja na zinazopotea kwenye VRM ni kama ampea 21 kwa volti 12, zikigawanywa kwenye pini nne za 12V ni ampea 5 na kitu kila pini. Kichwa cha pili ni cha watu wa naitrojeni ya maji.

Kama bodi imetumika: AM5 pini ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa. Toa kifuniko, mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, piga picha, ivute. Mistari ya pini ikimeta sawasawa, sawa. Pakionekana doa moja lenye mmeto tofauti, pini imelala. Na ikisafiri kwa basi kutoka Dar, kifuniko cha soketi kisitoke mpaka prosesa inaingia.

---

Raskazone_Upepo

Naongeza ya pwani tu, maana video za Ulaya haziyasemi.

Hewa ya chumvi. Vumbi lenye chumvi likinywa unyevu linapitisha umeme kidogo, na huanza kula miguu ya vipengele midogo na mgusano wa RAM. Kasha lisikae dirishani kwa upande wa bahari. Kila miezi mitatu puliza vumbi, kila mwaka toa RAM na kadi ya grafiki, futa migusano kwa isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi. Spirit ya dukani ya 70 ina maji mengi, iache. Usipulize rangi ya kinga kwenye bodi kama wafanyavyo kwenye inveta, itaingia kwenye sloti na soketi.

Umande. Chumba chenye nyuzijoto 32 na unyevu asilimia 75, umande huanza kushika kitu chochote kilicho chini ya nyuzijoto 27. Maana yake: ukija kufunga AC, ukalala na chumba cha 21, kompyuta imezimwa, asubuhi ukafungua madirisha yote, chuma cha ndani ya kasha kitatoka jasho. Usiwashe. Subiri saa nzima. Ikiwa imewashwa haina shida, yenyewe ni moto.

UPS. Prosesa na kadi yako zikifanya kazi pamoja, na bodi, feni na diski, utavuta karibu wati 480 ukutani pamoja na skrini, ikiwa umepunguza prosesa (nadhani watakuja kukueleza hapa chini). Ile ya VA 1000 mara nyingi ni wati 600 tu, inakaa ukingoni. Tafuta VA 1500 yenye wati 900, yenye stebilaiza ndani, na wimbi halisi la saini. Pawasapulai zenye PFC hai hazilipendi wimbi la ngazi: umeme ukikatika, UPS inashika, kompyuta inaweza kuzima hivyo hivyo.

---

Edita_Makorora

Shukrani sana. Basi B650 yenye 14+2+1, na hela iliyobaki ni UPS. Sasa nipeni hatua za ovakloki. Na nikiongeza RAM vipande viwili vingine vije kuwa vinne, ni sawa?

---

Bi_Silikoni

La RAM kwanza: usiongeze. Bodi za sasa zina sloti nne lakini njia zake zimechorwa kwa ajili ya mbili, ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Hizo ndizo za kuweka vipande vyako. AMD yenyewe inatoa DDR5-5200 kwa vipande viwili kwenye Ryzen 7000, na ukijaza vinne rasmi inashuka mpaka 3600. Ukihitaji GB 64, uza hivi, nunua viwili vya GB 32.

Kuhusu kloki. Hizi Ryzen zimetoka kiwandani zimeshapandishwa karibu na mwisho wake. 7900X itapanda mpaka ifike nyuzijoto 95, ikae hapo hapo. Huo si ugonjwa, imepangwa hivyo. Kwa hiyo kwenye chumba cha 33 huovakloki kwa kuongeza umeme, unaovakloki kwa kuupunguza. Nguvu hufuata volti kwa kipeo cha pili mara kloki. Kutoka volti 1.10 kwa GHz 5.0 kwenda volti 1.25 kwa GHz 5.3, umepata asilimia 6 ya kasi kwa asilimia 37 ya joto zaidi. Kipozeo chako cha hewa hakina pa kulipeleka hilo joto, kwani silikoni yenyewe ni vipande viwili vidogo, kila kimoja kama milimita za mraba 71, chini ya kofia nene.

Hatua, na usiruke:

Funga kipozeo kwa bamba la nyuma lililokuja na bodi. Kwenye AM5 bamba hilo limeshikana na soketi, halitolewi. Kipozeo kinachotaka bamba lake la nyuma hakitafaa hapa.

Washa mara ya kwanza, subiri. DDR5 inajifunza RAM, skrini inaweza kuwa nyeusi dakika kadhaa na taa ya DRAM inawaka. Watu wengi huzima hapo na kusema bodi mbovu.

Sasisha BIOS kabla ya jambo lolote, ukiwa kwenye UPS. Matoleo ya tangu 2023 yamewekewa kikomo cha volti 1.3 kwenye SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia RAM), baada ya prosesa kadhaa za X3D kuungua. Usitumie bodi ya AM5 na BIOS ya zamani zaidi ya hapo ukiwasha EXPO (profaili ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM).

Washa EXPO. Hakikisha FCLK (kloki ya njia kati ya vipande vya silikoni) ni 2000 na UCLK (kloki ya kidhibiti cha RAM) ni sawa na saa ya RAM, yaani 3000. Ikisoma 1500, bodi imegawa nusu, irudishe iwe moja kwa moja. Angalia volti ya SoC ambayo bodi imejipangia. Nyingi huweka 1.25 hadi 1.30 bila kukuuliza. Andika 1.20 mwenyewe. Kisha pima RAM kwa MemTest86 mizunguko minne. Makosa yanayokubalika ni sifuri. Usiguse prosesa kabla RAM haijapita, la sivyo utakuwa unafukuza wezi wawili kwa fimbo moja.

Sasa PBO, mfumo wa AMD wa kurekebisha mipaka ya umeme na kloki. Bodi nyingi zina menyu mbili zake, moja ya mtengenezaji wa bodi na moja ya AMD ndani ya Advanced. Tumia moja tu, nyingine iache Auto, zikipingana hujui ipi imeshinda. Chagua Advanced, mipaka uandike kwa mkono: PPT 142, TDC 110, EDC 170. Hii ni mipaka ya prosesa za daraja la wati 105. Menyu ya AMD huhesabu kwa miliwati, hapo andika 142000, ukiandika 142 kompyuta itakuwa konokono. Kikomo cha joto weka 85. Scalar na kuongeza MHz acha kwanza.

Mwisho Curve Optimizer (inayoshusha au kupandisha volti ya viini), hasi, viini vyote, anza na 10. Kila hatua moja ni kama milivolti 3 hadi 5, kwa hiyo 20 ni milivolti 60 hadi 100. Pima, ikipita nenda 15, kisha 20. Kwenye wati 142 kuhariri video utapoteza asilimia chache tu ikilinganishwa na 230, na Curve Optimizer inarudisha sehemu kubwa ya hizo. Magemu hayatajua kitu, hayafiki hata hizo 142.

---

Kloki_Moja

Dada umeeleza vizuri, ila mtu amekuja kuuliza ovakloki mmempa kubana matumizi 😄 Mbona hamumwambii aweke viini vyote GHz 5.2 kwa volti 1.2, amalize? Inatabirika, haina mambo ya kupima siku tatu.

---

Bi_Silikoni

Kwa sababu atapoteza kaka. 7900X kiini kimoja hufika 5.6. Ukiifunga viini vyote 5.2, kila kazi inayotegemea kiini kimoja au viwili, na magemu mengi ni hivyo, imeshuka MHz 400. Na viini vyote 5.2 kwa volti 1.2 kwenye chumba chake si wati 142 tena.

Kama atataka hivyo kwa kurenda pekee, basi ajue LLC. Prosesa ikivuta ampea nyingi, volti hushuka kidogo, na LLC inaziba huo mshuko. Ukiiweka kali kabisa, volti haishuki chini ya mzigo, lakini mzigo ukiisha ghafla inaruka juu kabla kidhibiti hakijawahi. Huo mruko hauuoni kwenye HWiNFO (programu ya kusoma vipimo vya kompyuta), unataka osiloskopu, na ndio unaochosha silikoni. Kaa katikati. Namba zenyewe ni mtego: ASUS kubwa ndiyo kali, MSI na ASRock 1 ndiyo kali. Usinakili namba kutoka bodi ya kampuni nyingine.

Na ukitumia Curve Optimizer, LLC acha Auto. Ukiibadilisha baada ya kupima, hasi 20 yako si ile tena.

---

Fundi_Ngamiani

Kloki_Moja ana haki sehemu moja: bado kuna kasi ya kuokota, ila iko kwenye RAM. CL30 kwa 6000 ni nanosekunde 10 kamili (30 mara 2000 gawa kwa 6000), hapo hapana kitu cha maana. Muda wa pili, yaani setingi za kusubiri za RAM zinazofuata CL, ndio bodi huuacha mlegevu.

tREFI ni muda wa kusubiri kabla RAM haijasimama kuburudishwa. Kwa 6000 chaguo-msingi ni 11,700 hivi. Ikipanda, RAM inasimama mara chache. Wengi watakuambia weka 65,535, mwisho wa kipimo. Hapa Tanga usifanye. Seli za RAM huvuja chaji haraka zikipata joto, na RTX 4070 inapuliza hewa yake ya moto karibu nazo. Anza na 32,768, tazama joto la RAM kwenye HWiNFO ukiwa unacheza gemu zito, si ukiwa kwenye jaribio la RAM pekee, kwa sababu pale kadi imelala. Ikivuka nyuzijoto 55, rudisha chini au elekeza feni moja ya kasha kwenye RAM.

tRFC ni muda ambao RAM inatumia kila ikiburudishwa: kama chipu ni za Hynix 16Gb aina ya A au M, kiwango cha kawaida ni nanosekunde 295, yaani karibu 885 kwa 6000. Zinashuka mpaka 160, yaani 480, lakini weka 520 uwe na nafasi. Kama ni Samsung au Micron usiiguse kwa namba hizi, haitawaka. Ikigoma kuwaka, zima kabisa, toa waya wa umeme, gusanisha pini za Clear CMOS kwa bisibisi sekunde 10. Ndiyo maana nilisema ukae na zile taa.

Wakati wa kutafuta, zima Memory Context Restore, ili bodi ijifunze RAM upya kila ikiwaka. Ukimaliza iwashe, pamoja na Power Down (setingi ya kulaza RAM isipotumika). Ukiiwasha peke yake bila Power Down, bodi nyingi huanza kutoa skrini za bluu na utadhani ni tRFC.

---

Edita_Makorora

Wakuu, B650 imefika, yote yamefuatwa. PPT 142, Curve Optimizer hasi 20 viini vyote, RAM 6000, SoC 1.20, MemTest86 mizunguko minne bila kosa. Cinebench R23 (jaribio la mzigo wa prosesa) nusu saa, nyuzijoto 79, imetulia kabisa. Tatizo: nikiiacha imewashwa bila kazi, au nikiwa nasoma tu mtandaoni, inajizima na kuwaka. Mara mbili jana. Mzigo mzito haisumbui! Event Viewer inaonyesha Kernel-Power 41. Ni pawasapulai?

---

Bi_Silikoni

Siyo pawasapulai kwa dalili hizo. Kernel-Power 41 haisemi chochote zaidi ya kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu. Umeme wa nyumba ukikatika inaandikwa hiyo hiyo. Tafuta mstari wa WHEA-Logger (rekodi ya Windows ya makosa ya vifaa) karibu na saa hiyo. 18 ni kiini kimeanguka. 19 ni kosa lililosahihishwa, mara nyingi njia kati ya vipande vya silikoni, hapo utashuku FCLK.

Sababu ya kuanguka ikiwa imekaa tu: Cinebench inaendesha viini vyote, kloki iko 4.9 hivi, volti iko chini na nafasi ni pana. Ukiwa unasoma mtandaoni, kiini kimoja kinaruka mpaka 5.6 kwa sehemu ya sekunde kisha kinalala. Hapo ndipo hasi 20 inauma. Umepima chini ya mlima, kompyuta inaanguka kileleni.

Na viini havilingani. Vile vilivyo bora kiwandani, ambavyo Ryzen Master inavitia nyota, ndivyo vinavyopelekwa juu zaidi, na hivyo ndivyo vyenye nafasi ndogo ya kupunguzwa. Tumia CoreCycler, inayopima kiini kimoja kimoja, Prime95 kwa SSE na ukubwa Huge, dakika 6 kila kiini. Viini 12 ni dakika 72 kwa mzunguko mmoja. Itakuandikia kiini kilichokosea. Kiini hicho tu, punguza kwa 5: hasi 20 iwe hasi 15. Rudia. Usishushe vyote kwa kosa la kimoja.

---

Raskazone_Upepo

Jaribio refu la usiku fanya ukiwa na UPS, na weka saa ya ukutani inayotumia umeme wa nyumba. Ikiwaka inameta sifuri asubuhi, ni TANESCO, si kiini.

---

Edita_Makorora

WHEA 18 ipo, zote mbili. CoreCycler imekamata kiini 1 na kiini 4, na Ryzen Master imevitia nyota vyote viwili, kama ulivyosema dada. Kiini 4 kimepita kwa hasi 15. Kiini 1 kimegoma kwa 15, kimegoma kwa 10, kimepita kwa 5. Vingine vyote vimebaki 20. Mizunguko mitatu safi. Niongeze MHz 100 za PBO sasa?

---

Bi_Silikoni

Ukiongeza MHz 100, kilele kimehama, na kiini 1 hakina pa kwenda: kitataka sifuri au chanya, na utapima vyote 12 upya. Kwa asilimia mbili kwenye kiini kimoja. Mimi nisingefanya.

Ila umepima mwezi gani? Sasa hivi ni kusi, chumba chako kitakuwa 26 au 27. Hifadhi setingi kwenye profaili ya BIOS na nakala kwenye flashi. Kaskazi likiingia, rudia mzunguko mmoja wa CoreCycler na mmoja wa RAM saa nane mchana, dirisha limefungwa. Kikiangusha kitu, kitakuwa tREFI kabla ya prosesa.

---

Edita_Makorora

tREFI niliweka 40,000. RAM inafika 51 kwenye gemu.

---

Fundi_Ngamiani

51 ya sasa ni 57 ya Februari. Irudishe 32,768 leo.